Kwa Nini Hatukuinunua Kamera ya Betri

Benchi letu liko Nakano, pale uchochoro wa maduka unapokatana na barabara ya stesheni, ubavuni mwa duka la kamera kuukuu la Bi Numajiri. Pembeni pana mashine ya vinywaji, na ukiingia mwezi wa kumi na moja huanza kutoa kahawa ya kopo ya moto, ile ambayo mtu huikumbatia kwa viganja kabla hajaifungua. Jumamosi mchana tunakaa hapo, kila mmoja na kamera yake mapajani kama aliyepakata paka. Yuko Mzee Wakisaka, mwalimu mstaafu wa jiografia, tunayemwita Kioo kwa sababu kwake lenzi ni nyingi kuliko sahani. Yuko Hosoya, anaitwa Treni. Zamani alikuwa posta, siku hizi hapigi picha ya kitu chochote kisichopita juu ya reli. Bi Numajiri mwenyewe tunamwita Jaji, maana akiigeuza kamera yako mkononi mara moja tu, hukumu imeshatoka. Mimi ni Tabasamu. Nimepiga picha za harusi maisha yangu yote, na neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko jina la mke wangu. Wa tano ni Shimomura, mhandisi, mdogo wetu kwa umri. Siku ninayoisimulia, tulikuwa tunamsubiri yeye.

Habari ilikuwa imetoka Alhamisi. Kampuni ya Shimomura, ile kubwa ya vyombo vya umeme, ya runinga na friji na sufuria za umeme za kupikia wali, ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza kamera. Na kamera yenyewe ilikuwa kazi ya mikono ya Shimomura. Alikuwepo tangu kampuni ilipoanza kutengeneza kamera, akaichora, akaipigania, akaizaa. Kwa ajili hiyo tulimwita Betri. Kila aliposifia kamera yake, Kioo alimkata kauli: "Ndiyo, na betri yake inadumu?" Jina likamkaa.

– Akija tusiseme kitu, Jaji alituonya akiwa amesimama mlangoni.

– Tuongee nini sasa? Treni akauliza.

– Hali ya hewa. Hujawahi kuongelea hali ya hewa wewe?

Betri alikuja na koti la kazini, japo ilikuwa Jumamosi. Aliinama kidogo kutusalimu, akanunua kahawa, akakaa kwenye ncha ya benchi. Kioo akakohoa.

– Kumepoa leo.

– Kumepoa kweli, nikamwitikia.

– Na upepo upo, akasema Treni. Kisha uzalendo ukamshinda. – Pole sana kwa msiba, ndugu yangu.

Jaji alifumba macho. Lakini Betri alicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajalala vizuri.

– Asante. Wewe ndiye wa kwanza kuuita msiba. Kule kazini wanasema "mpangilio mpya".

– Na wewe wanakupangia wapi?

– Viyoyozi. Jumatatu asubuhi natakiwa kujibu: viyoyozi, au nichukue kiinua mgongo niende zangu.

– Viyoyozi si vibaya, nikasema. Majira ya joto kila mtu anakupenda.

– Tabasamu, nyamaza, akasema Jaji.

Betri aliizungusha kahawa yake kwenye kopo. Akatuangalia mmoja mmoja, taratibu.

– Sikuja kuombolezewa. Nina swali, na nataka jibu la kweli. Ile kamera, nzuri au mbaya?

– Nzuri, tukasema wote. Wala hatukuwa tunamfariji. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, gizani inaona kama bundi. Kila mtu wa benchi hili aliwahi kuishika.

– Basi kwa nini hamkuinunua? Hata mmoja wenu. Ninyi ni rafiki zangu.

Nawaambia, pale hata wapita njia walionekana wamepunguza mwendo. Hakuna aliyekuwa na pa kuficha uso. Hatimaye Kioo, kwa kuwa alizoea kusimama mbele ya darasa, akajitosa.

– Sikiliza, mdogo wangu. Ninyi watu wa umeme mnadhani mtu ananunua kamera. Hakuna anayenunua kamera. Mtu ananunua lenzi, halafu anatafuta kitu cha kushikia nyuma yake. Mimi nilianza na lenzi ya marehemu baba. Nikaongeza nyingine, na nyingine, miaka yote hiyo, na zote zinaingia kwenye mdomo mmoja. Kamera yako ina mdomo wake, haiongei na zangu. Unataka nianze upya sasa hivi, na haya meno ya bandia?

– Tulitengeneza kiunganishi, akasema Betri. Lenzi zako zingeingia.

– Kiunganishi! Kioo akaishika kamera yake kama mtoto aliyetukanwa. – Umewahi kumbusu mkeo kupitia kiunganishi?

Treni alipaliwa na kahawa. Alipopata pumzi alikuwa na lake tayari.

– Mimi si lenzi. Mimi ni jina. Samahani, Betri, nasema ukweli wangu. Siku moja nimesimama kilimani kule Ōigawa, natetemeka, nasubiri treni ya moshi, tupo watu kama ishirini kwenye mstari. Jirani yangu ana kamera yenu. Mbele imeandikwa jina lile lile lililoko kwenye sufuria yangu ya wali. Nikaanza kusikia njaa! Treni ikapita, mimi nawaza wali.

– Hiyo ni shida ya tumbo lako, akasema Jaji.

– Ngoja, sijamaliza. Yule dereva wa treni ya moshi anatujua. Akiona kamera za kampuni za zamani, anapiga honi mara mbili. Upande wa jirani yangu hakupiga.

– Treni ni moja, honi ni moja, nikamwambia. Angepigaje upande mmoja?

– Mimi nilikuwepo, Tabasamu. Wewe ulikuwa kwenye harusi.

Betri alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanzoni nilidhani ameumia, kumbe alikuwa anacheka na hataki tumwone. Nikapata moyo wa kusema langu, ambalo nilikuwa nimelificha muda mrefu.

– Mimi niliiazima, unakumbuka? Harusi ya binti wa dada yangu. Sijawahi kupata picha kali namna ile. Kila jicho liko sawa. Bibi harusi, bwana harusi, hadi shangazi anayesinzia. Nikakurudishia Jumatatu, nikasema nitafikiria.

– Nakumbuka. Nilisubiri simu yako.

– Tatizo ni kwamba ilikuwa inayaona macho kabla yangu. Nainua kamera, kijisanduku cha kijani cha kwenye skrini kimeshakaa usoni mwa mtu. Nikajiuliza, sasa mimi nimekuja kufanya nini hapa? Kula keki? Ile kazi ya kumtafuta mtu usoni ndiyo kazi yangu. Picha zilikuwa nzuri, lakini nilirudi nyumbani kama mtu aliyebebwa mgongoni mbio nzima, halafu akavishwa medali.

Betri alinyanyua macho. – Hukuniambia hivyo.

– Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha mno.

Jaji alitoka mlangoni, akaja kuegemea mashine ya vinywaji. Yeye huongea kwa sauti ile ile ya kuhukumu bei, hapandishi wala hashushi.

– Mimi nitawaambia ninachokiona mezani kwangu. Kamera za kampuni za zamani huja kwangu zimechoka. Rangi imetoka kwenye pembe, mkanda unanuka jasho la watu watatu. Naiuza, baada ya muda inarudi na mtu mwingine, naiuza tena. Zile za kampuni za umeme huja mara moja tu. Ziko ndani ya boksi, na ile nailoni ya skrini bado haijabanduliwa. Mtu ameitumia miezi minne bila kubandua nailoni! Maana yake tangu siku ya kwanza alijua ataiacha.

– Kwa nini alijua? Betri akauliza.

– Kwa sababu kila mwaka mnatoa nyingine. Kama runinga. Mtu hajamaliza kujifunza kitufe cha kushoto, tayari ya kwake imezeeka. Nani atamfungulia moyo mgeni ambaye koti lake hajalivua?

– Hapo umesema, akaitikia Treni.

– Hapana, hapana, hapana. Kioo alikuwa amesimama. Akisimama ujue mambo yanakwenda mbali. – Wote mmekosea, hata mimi mwenyewe nimekosea. Shida ya kamera ya Betri ni kwamba haina kasoro.

– Mwalimu, kaa chini, nikasema.

– Sikai. Tunafanya nini hapa kila Jumamosi? Tunalalamika! Mimi kamera yangu ikipata baridi inagoma. Treni, yako inapiga kelele kama mlango wa choo. Tabasamu, yako ukisahau kuifungulia kifuniko haikuambii. Tunazisema, tunazitukana, tunafundishana jinsi ya kuzidanganya. Ndiyo mapenzi yenyewe hayo! Sasa ile ya Betri, ukiibonyeza inapiga. Inapiga vizuri. Basi. Mtu mwenye kamera ile anakuja kwenye benchi kusema nini?

– Kwa hiyo tungeiharibu kidogo? Betri akauliza. Sasa alikuwa anacheka waziwazi.

– Kidogo tu! Kitufe kimoja kikae mahali pa kijinga. Kampuni nzima, wahandisi wote wale, mkashindwa kuweka kitufe kimoja cha kijinga?

Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akageuka. Treni akaenda kununua kahawa nyingine kwa wote, na kwa muda ikawa kama Jumamosi yoyote. Kisha Betri akaacha kucheka, akaanza kusema bila kumtazama mtu.

– Nitawaambia jambo moja. Majira ya baridi ya kwanza nilikwenda na kamera ya majaribio Hokkaidō, kwenye lile daraja ambalo watu hupigia picha ndege korongo alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Watu wamepanga stendi zao tangu giza, pumzi zinatoka kama moshi. Nikajibana katikati yao. Mzee mmoja wa huko huko akaitazama kamera yangu. Akaniuliza, hii ni yenu? Nikamwambia ni yetu. Inafanya kazi kwenye baridi hii? Nikamwambia tazama. Akatazama, akaridhika. Halafu akaniuliza: nikiinunua, mtakuwepo?

– Ukamjibuje? akauliza Jaji.

– Nikamwambia tutakuwepo. Sikusita hata kidogo. Niliamini. Akasema sawa, nitafikiria. Mwaka uliofuata nikamkuta pale pale, na kamera yake ile ile ya zamani. Nikamsalimu, nikamwuliza, vipi, umefikiria? Akasema, bado. Akaniambia, mimi hawa korongo nimewasubiri maisha yangu yote, nitashindwa kuwasubiri ninyi?

Betri alikunywa kidogo.

– Na kule ghorofani, kila robo mwaka, bosi aliyetoka kitengo cha runinga ananiita. Wamenunua? Nasema bado, wanatutazama kwanza. Anasema, runinga mtu haitazami miaka mitatu ndiyo anunue. Kila robo mwaka hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunangoja yule mzee anunue ndipo tukae sokoni. Yeye alikuwa anangoja tukae ndipo anunue.

Nilimtazama Kioo, naye alikuwa anaifuta lenzi yake kwa pindo la sweta, lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Tukiwa katika hali hiyo, akaja mwanamke mmoja anasukuma baiskeli. Umri wake thelathini na kidogo, amevaa aproni yenye unga, bila shaka anatoka kwenye duka la mikate la barabara ya pili. Akaegesha, akainama.

– Samahani, mwenye duka ni nani hapa?

– Mimi, akasema Jaji.

Mwanamke akatoa kamera kwenye kikapu cha baiskeli, imefungwa kwa taulo. Alipoifunua, sote tukaitambua. Betri hakujitikisa, ila kopo lake lilisimama nusu ya njia kuelekea mdomoni.

– Nina hii, akasema. Naitwa Orihara. Asubuhi kabla ya kazi napita bwawa la Shakujii, kuna mdiria pale, yule ndege wa bluu. Wazee wa pale wana lenzi kama mabomba ya maji. Hii yangu inamtoa mdogo kama punje ya mchele. Nilikonunua waliniambia kuna lenzi ndefu ya ndege inakuja. Nimesubiri sana. Mama, umesikia itatoka lini?

Jaji akamtupia Betri jicho.

– Haitatoka, akasema Betri.

Mwanamke akamgeukia. – Haitatoka? Kwa nini?

Mchana kutwa tulikuwa hatufanyi kazi nyingine ila kulijibu swali hilo. Tulikuwa na lenzi, tulikuwa na majina, tulikuwa na honi za treni. Sasa tumeulizwa kwa adabu, na mtu mwenye unga kwenye aproni, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumpa lolote kati ya yale tuliyoyasema. Kioo alitazama viatu vyake. Mimi nilisoma maandishi ya kwenye kopo.

Betri aliweka kahawa chini, akasimama.

– Kampuni imeacha kutengeneza kamera. Lenzi hiyo ipo, nimeishika kwa mikono yangu, lakini ni moja tu, na haitauzwa. Nisamehe. Kamera hiyo niliitengeneza mimi na wenzangu.

Nilidhani Orihara atakasirika. Mwenye haki ya kukasirika alikuwa yeye. Lakini aliitazama kamera, akamtazama Betri, kama mtu anayelinganisha mtoto na baba yake.

– Wewe?

– Mimi. Naweza kuona picha zako?

Akampa. Betri alizipitia moja moja, taratibu, na sisi tukajisogeza nyuma ya mabega yake bila aibu. Maji, matete, maji, matete, na katikati kitone cha bluu. Kisha moja ambapo ndege anatoka majini na samaki, matone yamemzunguka. Mdogo kweli, lakini kila tone lilionekana.

– Hii uliipataje?

– Nilisubiri tu, akasema Orihara. Akaichukua kamera yake, akaifunga tena kwenye taulo. – Sitaki kubadilisha. Mkono umeshaizoea. Lakini ikiharibika je? Nitaipeleka wapi?

– Utaniletea mimi.

– Wewe si unakwenda kwenye viyoyozi? akadakia Treni.

– Kuna kitengo cha matengenezo Saitama, ghorofa ya chini, Betri akasema, na ilionekana anayasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza pamoja na sisi. – Kamera zilizokwisha kuuzwa lazima zihudumiwe, miaka kadhaa. Wanatafuta mtu wa kukisimamia. Hakuna aliyekiomba.

– Ni kushuka cheo huko, akasema Jaji kwa upole.

– Ni kushuka kweli. Tena kwa lifti.

– Na miaka hiyo ikiisha? akauliza Orihara.

Betri alifikiri. Safari hii hakujibu haraka kama alivyomjibu yule mzee wa darajani.

– Sijui, akasema. Lakini mpaka hapo, ukipiga simu, nitapokea mimi.

Jumatatu aliomba kitengo hicho. Bosi wake, alituambia baadaye, alimwuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kisha akasaini upesi asije akabadili mawazo. Mkewe hakuzungumza naye siku nzima, halafu jioni akamnunulia taa ya mezani ya kufanyia kazi. Siku hizi Betri anapanda treni kwenda Saitama, anafungua kamera, anazipangusa, anazifunga. Anasema mwanzoni zilikuwa zinakuja na barua za hasira. Sasa watu wameshajua kuna mtu, na wengine huweka keki ndani ya boksi. Zile zenye unyevu wa mto na mchanga wa pwani ndizo anazozipenda zaidi, anatusimulia kila Jumamosi tukitaka tusitake.

Orihara naye amekuwa mtu wa benchi, akipata nafasi kati ya kuoka na kuoka. Hajapewa jina bado, tunabishana. Mwezi wa tatu, maua yakiwa yanakaribia kuchanua, alikuja na kamera yake, akaipitisha mkono kwa mkono bila maelezo. Mdiria alikuwa amejaa kwenye picha nzima, kila unyoya peke yake, jicho linametameta kama kichwa cha pini.

Treni aliruka.

– Umeipata lenzi ndefu! Nani kakuuzia?

– Lenzi ni ile ile.

– Sasa umefanyaje?

Orihara alipokea kopo la kahawa kutoka kwa Betri, akalishika kwa viganja viwili.

– Nilikuwa nakwenda kila siku, akasema. Amenizoea.